Haya, Wameanza

Umeme ukikatika, jirani yangu fundi cherehani husema, "Haya, wameanza." Huweka mkasi chini, huchomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, hukunja mikono mapajani na kumwambia mteja, "Njoo kesho." Sola aliinunua kwa kudunduliza. Paneli ilitangulia, ikalala uvunguni miezi na miezi ikisubiri betri. Betri ilipopatikana, mwenye nyumba akagoma, eti bati lake halitobolewi. Fundi akambembeleza, akamshonea mkewe gauni la bure, mpaka mzee akalegea. Juzi paneli ikapanda juu. Jana mchana nilikuwa kwake nikisubiri suruali, mara redio ya kinyozi wa mlango wa pili ikanyamaza na mtaa mzima ukaguna.

"Haya, wameanza," akasema. Mkasi chini, sindano kwenye kola, mikono mapajani.

"Mama, mbona taa yako inawaka?"

Akainua macho, akaikodolea ile balbu kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakanyaga pedeli, mota ya cherehani ikanguruma.

"Kaa, baba, suruali unaondoka nayo. Sasa nyie wateja nitawadanganya na nini?"