Sombe Iliyokimbiza Mtaa

Aibu hii ni yangu peke yangu. Nilitaka watoto wangu wa chekechea, hapo Nyakabiga, wajue chakula kwa mikono yao, basi nikawapa vinu watwange sombe, majani ya muhogo, uani.

Vita vilishatuzoesha kukimbia. Nilipoona majirani wanapita na magodoro kichwani wakisema mabomu, sikuuliza. Nikawakusanya watoto, tukatoka mbio hadi mtaa wa Jabe, mimi mwalimu mbele!

Nikihema, nikamuuliza mama mmoja mabomu yanatoka wapi.

“Ilianza kwa ile shule ya watoto,” akasema. “Mi nilifikiri wanatwanga sombe. Lakini apana, kutwanga kuna mpigo wa sawasawa.”

Kanyana, wa miaka minne, alikuwa bado na mchi wake mkononi. Akaupiga chini: pu, pu-pu, pu.

Magodoro yote yakanigeukia.