Komunike ya Kifo cha Ukuta

Kila jioni redio ya hapa Baraka inasoma komunike za vifo, yaani matangazo ya misiba, na mimi ninasoma zangu, ila wafu wangu wote ni wazima. Mkuu wa shule nimeshamzika mara nyingi, pamoja na mbuzi wake. Tate, mama wa mama yangu ninayeishi naye, anacheka mpaka anashika mbavu. Ndiyo sababu hakuniamini nilipoleta habari isiyo utani.

Prof, mwalimu wetu wa fizikia, amezungusha waya wa shaba kwenye fremu ya mbao juu ya bati za darasa. Waya unasikiliza stesheni ya mbali sana, ambayo mawimbi yake yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kwetu. Kwenye kompyuta ni mstari tu. Jua likizama, mstari unazama nalo, kisha unapanda. Kuna wataalamu wanaodhani kwamba kabla udongo haujatetemeka tabaka lile linasumbuka, na mstari unakosea saa yake.

Wiki moja mstari ulizama jua likiwa bado halijagusa milima. Kesho yake tena. Nilitafuta utani, nikaukosa. Kompyuta ilitoa mlio kama wa mvua juu ya bati, na nje kulikuwa kukavu. Prof alisema hajui, labda ni jua lenyewe, labda si kitu, na tusipeleke habari sokoni.

Lakini tate analala chini ya ukuta uliopasuka katika tetemeko lililopita. Ufa unapitisha mkono wangu. Nilimweleza yote, akauliza leo mbingu imemuua nani.

Basi nikavaa sauti ya redio: "Familia ya matofali ina huzuni kutangaza kifo cha ukuta wa chumba cha tate. Kilio kinafanyika uani."

Kwetu, penye kilio watu wanatandika mikeka nje na kulala hapo mpaka maziko. Tate alicheka, akabeba mkeka wake.

"Twende tumulilie," alisema. "Alikuwa ukuta muzuri."

Karibu na mapambazuko sufuria zilianza kuongea zenyewe ndani ya beseni. Mbwa hawakubweka. Tetemeko lilikuwa fupi. Kulipokucha tulikuta nusu tofali juu ya mto wa tate.

Nilikimbilia kwa prof nikidhani atafurahi. Alikunja uso.

"Usiniite nabii. Kuna siku mustari ulikosea, udongo ukanyamaza. Na kuna siku udongo ulitikisika, mustari ulikuwa muzuri kabisa."

Sasa kila jioni tate ananingoja mlangoni. Haulizi tena nani amekufa. Jana aliuliza mstari unasema nini, nami, bila utani hata kidogo, nikajibu uko sawa. Akakunja mkeka, akaingia kulala chini ya ufa. Mara ya kwanza ananiamini, na ni kwa neno linalomrudisha chini ya ufa.

Nilibaki uani, mbingu juu yangu imetulia kabisa. Nikasafisha koo, nikaanza upya: "Familia ya matofali ina huzuni..."

Humo ndani hakuna aliyecheka, wala mkeka haukutoka.