Kumi ya Bukoba na Kumi ya Kagoma

Mjomba alinipigia simu kwamba nyumba ya zamani ya Kagoma inavunjwa, anayetaka kitu akachukue. Wenzangu walikimbilia kabati na vitanda. Mimi niliomba mwimo wa mlango wa jikoni, wakanicheka, na wewe ukicheka sitakulaumu.

Pale ndipo bibi mzaa mama alipotupima urefu kila Desemba. Unasimama wima, harufu ya ndizi na maharage inakutesa, naye anachonga alama usawa wa utosi wako kwa kisu cha kumenyea ndizi. Pembeni anaweka umri kwa namba za Kirumi, kama zilivyokuwa kwenye kitabu chake cha Zaburi: VII, VIII, IX. Bibi mzaa baba, Mwislamu wa Bukoba mjini, alinifundisha nyingine. Kwake kila herufi ya Kiarabu ilikuwa na hesabu yake: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, hadi ye, ambayo ni kumi. Nilijiona tajiri.

Kilichoniuma ni kwamba bibi hao hawakuwa wametembeleana tangu wazazi wangu waoane, kwa sababu ya dini. Walitumiana salamu kupitia kwangu, basi. Mwaka niliotimiza kumi nikagoma: sipimwi mpaka bibi wa Bukoba aje. Nilikaripiwa, nikabembelezwa, mlango sikuusogelea. Mama alipochoka akapeleka habari mjini, na siku moja bibi akashuka kwenye gari na kapu la maandazi, uso ameukunja.

Bibi wa Kagoma alichonga X yake, kisha akamgeuzia mwenzake mpini wa kisu.

“Haya, mkwe, na wewe weka kumi yako.”

Bibi wa Bukoba alihangaika na ule mti mpaka jasho likamtoka. Mwenyeji akaitazama ile ye, akauliza mbona imejikunja hivyo.

“Na yako je, iliyokunja nne mbele ya wageni?”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kufurahi vile tena.

Tangu hapo bibi wa Bukoba alikuja kila Desemba kuchonga namba yake. Walimenya ndizi pamoja wakifundishana, mmoja akichora kwa kidole kwenye majivu, mwingine akimsahihisha.

Bibi wa Bukoba alifariki kabla sijatimiza kumi na nne. Desemba ile nilipimwa, wala sikugeuka kutazama alama. Nilikwenda migombani kulia. Miaka yote hii niliamini pale pana XIV peke yake.

Juzi nikaufuta mwimo masizi. Kando ya XIV pana ye na dali, zimechongwa kwa taabu na mkono usiozizoea. Bibi wa Kagoma alimwekea mkwe wake nafasi yake. Ila ameanzia kushoto, kama alivyozoea kwenye Zaburi zake, na Kiarabu huanzia kulia.

Hakukuwa na wa kumsahihisha.