Nani Anamaliza Tangi

Mkataba wa kazi wa mume wangu kule kambini Dadaab ulipokwisha, kitu cha kwanza nilichoacha kununua ni mboga. Garissa mboga nyingi huletwa na lori kutoka mbali. Zikifika sokoni zimenyauka, bei haijanyauka. Nikajaza udongo na samadi ya mbuzi kwenye magunia ya mchele, nikapanda sukuma wiki na mchicha kando ya mlango wangu. Nilimwagilia maji ya kuoshea mchele na ya udhu, niliyoyakinga kwa beseni.

Kwenye ploti yetu wapangaji wote tunachota kwenye tangi moja. Kiangazi kilipokaza, tangi likawa linakauka kabla lori la maji halijarudi. Hakuna aliyenitaja, ila salamu zilifupika. Nikitoka na beseni, mapazia yanasogea. Jirani yangu, mama mzima wa kutoka Wajir niliyemwita eeddo, yaani shangazi, alisimama siku moja akaitazama sukuma yangu bila kupepesa macho.

"Mashallah," alisema. "Mji wote umekauka, hii yako ni kijani. Inakunywa nini?"

"Maji ya mchele, eeddo."

"Mchele gani huo unaoshwa hivyo kila siku?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi moja asubuhi mwenye nyumba akaja na fundi wa mabomba. Kuna mtu amemwambia, alisema, kwamba chini ya magunia yangu umefichwa mpira unaovuta maji ya tangi.

"Nani amekwambia?"

"Hilo si muhimu."

Kwangu hilo ndilo lilikuwa muhimu. Wapangaji walikuwa wamejaa milangoni. Eeddo alikuwa akirekebisha shungi lake, ingawa lilikuwa limekaa sawa.

Fundi aliponyoosha mkono nikamwambia, "Usiguse." Nikayapindua magunia mwenyewe, moja baada ya jingine, mizizi ikabaki juani. Fundi akachimba palepale yalipokuwa. Hakukuta kitu ila mchanga mkavu. Mwenye nyumba akasema, "Basi, pole, mama," akaenda zake. Mchana huo nilipika sukuma yote iliyong'oka, na sikuweza kuila.

Mboga zilikwisha, lakini tangi likaendelea kuisha. Sasa macho yakahamia kwa mpangaji anayefulia watu nguo, nami nikajikuta nazifuata ndoo zake kutoka bombani hadi kwake. Yeye pia aliniona.

Mwishowe tangi lilishushwa lisafishwe. Kitako chake kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na mchanga uliolibeba ulikuwa umelowa mpaka chini kabisa. Watu walitazama, kila mmoja akarudi ndani kwake. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Nikapanda tena. Miche ilipochipua, eeddo alikuja na beseni la maji meupe ya mchele.

"Chukua, binti yangu. Ya kwangu hayo."

Nilimshukuru kwa moyo. Lakini kabla ya kuondoka aliinama, akabonyeza udongo kwa kidole, kisha akapapasa nyuma ya gunia, upande wa ukuta. Sikujua kama anapima unyevu au bado anatafuta mpira. Nilisimama na beseni mkononi, nikamwacha apapase mpaka atosheke.