Daktari wa Mashuka

Kabla hajawa daktari alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kubahatisha. Watu walikuwa radhi kusubiri wiki tatu, huku wakinung'unika, kuliko kumpelekea mwingine kitambaa chao. Wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Kisha mkewe akapata kazi ng'ambo, na mume akaruhusiwa kufuatana naye. Fundi akalifunika cherehani lake, akamkabidhi mdogo wake wa kike aliyekuwa akiishi na mama, akaondoka na mkasi wake tu, ule mkubwa wa kukatia. Na huo mkasi nao uliishia uwanja wa ndege, ndani ya pipa, pamoja na chupa za maji na viwembe vya watu.

Huko alikokwenda, nakwambia, hakuna aliyekuwa anamngoja. Alizunguka mtaa kwa mtaa akiuliza kazi ya kushona kwa ishara za mikono, maana lugha ilikuwa bado inamkataa. Suruali ikichanika, watu wa kule wanaitupa, wananunua nyingine. Miezi mitano alikaa kwenye chumba kimoja ghorofa ya sita, akipika, akifua, akiutazama ukuta wa jengo la pili mpaka mkewe arudi kutoka kusafisha maofisi ya watu. Akakonda, akawa mkali bila sababu, akaanza kulala mchana. Mwisho mkewe akamtafutia kazi hospitali, kwenye chumba cha kufulia.

Chumba chenyewe kiko chini ya ardhi, hakina dirisha hata la kudanganyia. Mashuka yanateremshwa kwenye mifuko: myeupe ya kawaida, myekundu ya damu na mengine ambayo sitayataja, huenda unakula. Yakishafuliwa, watu wawili wanalishika shuka, huyu pembe mbili na yule pembe mbili, wanalikung'uta, wanaliingiza kwenye pasi ndefu inayojiviringisha yenyewe, kisha jingine, kisha jingine, hadi saa ya kutoka. Mwenzake alikuwa mzee wa nchi nyingine kabisa, na hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Fundi akambatiza Mzee Pembe. Mwanzoni, akiona upindo umefumuka, Fundi alikuwa akichomoa sindano kwenye ukosi wake na kupiga mishono mitano sita. Msimamizi akamkataza: lililofumuka linatupwa. Sindano ikakosa kazi, lakini kila asubuhi aliichomeka pale pale.

Balaa lilianza kwa picha. Mama alitaka kumwona mwanawe alivyo, kama anakula, kama ana nguo za baridi. Siku moja Fundi na mwenzake walipandisha mashuka wodini, na Mzee Pembe akampiga picha kwenye varanda ndefu nyeupe, amevaa sare yake ya kijani, nyuma yake nesi anapita. Fundi akaituma na maneno haya: kazini hospitali, mama, namshukuru Mungu. Hapo hakuna uongo hata chembe, wala mimi simlaumu kwa picha.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya simu. Na ile haikuwa simu, ilikuwa mkutano wa hadhara, kwa sababu mama alikuwa anaiweka kwenye spika na majirani wamejaa sebuleni. Jumapili hiyo, kabla Fundi hajamaliza kuamkia, akasikia mama anawaambia watu nyamazeni, daktari yuko hewani. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama naye akacheka, na hicho ndicho kilichommaliza Fundi, kwa sababu tangu walipomzika baba hakuwa amemsikia mama akicheka hivyo. Akasema moyoni, nitawaambia Jumapili ijayo. Jumapili ijayo jirani akamuuliza dawa ya mgongo, naye akamjibu apumzike na anywe maji mengi. Bahati mbaya jirani akapona.

Mkewe alimwonya mapema, na kwa maneno makavu. Alimwambia kwamba siku moja hao watu watamwomba awatibu kweli, sijui atawatibu kwa sabuni gani. Fundi akacheka. Ukiwa mahali ambapo hakuna anayekujua hata kwa jina, ni vigumu kumnyang'anya mtu sifa anayokupa, hata kama si yako.

Mwaka wa pili mdogo wake akamtumia picha ya mguu wa mama. Kidonda kilikuwa karibu na kidole kidogo, kilichotokana na viatu alivyotuma Fundi mwenyewe. Vilikuwa vinambana, lakini mama angevivuaje wakati mtaa mzima unavitazama? Kilikuwa na mwezi mzima, hakikauki, na pembeni pameanza weusi. Fundi akaipandisha ile simu wodini, akamwonyesha nesi mmoja. Nesi akatazama, akauliza kama mama ana kisukari. Fundi hakujua. Nesi akamwambia, polepole ili amwelewe vizuri, kwamba mguu huo uende hospitali leo, si kesho.

Ilikuwa Jumapili. Akapiga simu, mkewe amesimama mbele yake. Sebule ilikuwa imejaa kama kawaida. Fundi akamwambia mama aende hospitali leo hii.

"Hospitali nikafuate nini," mama akasema, "na hospitali yenyewe ndiyo imenipigia? Wewe taja dawa."

Watu wakaangua kicheko. Mkewe akamwashiria kwa midomo: mwambie. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingeisha kwa pumzi moja. Hapa ndipo ninapomkasirikia huyu mtu, na nimemjua miaka mingi. Aliwasikia wale majirani wanavyosubiri, akaona mama atakavyoaibika mbele yao, akasema kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, kisha wiki hii aende wakakiangalie. Mama akashika la chumvi, la kwenda akaliacha. Siku zilizofuata Fundi alimbana mdogo wake kwa simu, ampeleke tu. Mdogo wake akamjibu kwamba mama hasikii la mtu, anasema daktari wake ameshamtibu. Hata kwa huyo mdogo wake, peke yao wawili, Fundi hakuthubutu kusema. Mkewe akaacha kuongea naye.

Wiki ya tatu simu ikaita akiwa kazini, adhuhuri, pasi inanguruma. Alikuwa mdogo wake, analia. Mama amebebwa hospitali, ana homa, anaweweseka na kuzinduka, mguu umeoza mpaka juu ya kifundo, na hataki kutia kidole kwenye karatasi ya kukubali upasuaji mpaka mwanawe azungumze na daktari wa pale. Tena anataka asikie kwa masikio yake. Spika imewashwa.

"Daktari, samahani kukusumbua kazini," ikaja sauti ya kijana, ya heshima. "Mama anakusubiri wewe tu. Nikueleze hali, halafu tushauriane tukate wapi."

Fundi aliachia pembe zake. Shuka likaanguka sakafuni, Mzee Pembe akabaki kashika zake.

"Mimi si daktari," akasema. "Nafua mashuka ya hospitali. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Usinishauri mimi, kaka, kata unapoona wewe, mradi mama yangu asife."

Akasikia mdogo wake ameacha kulia, akasikia magurudumu ya kitanda yanapita, kisha sauti ya mama, kavu, inaomba hiyo karatasi iletwe. Halafu ikamgeukia yeye.

"Ungeniambia ile Jumapili, mwanangu, mguu ningekuwa nao."

Hakufoka. Alisema taratibu tu, kisha simu ikakatika. Mzee Pembe akainama, akaliokota shuka, akalirudisha kwenye mfuko wa kufuliwa upya, akamshika Fundi bega na kumkalisha juu ya mifuko.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Mama hakufa. Majirani hawaji tena Jumapili, na spika haiwashwi. Wiki saba mama hakutaka kuongea naye, simu ilikuwa inapokewa na mdogo wake tu. Jumapili ya nane mama akaichukua, akamwita Fundi, kama zamani. Mama hakumuuliza habari. Alimuuliza jambo moja.

"Yale mashuka niliyolalia siku ile, yenye damu yangu. Yalifuliwa na mashine au na mtu?"

"Na mtu, mama. Mashine ina mtu wake."

"Pole yake, masikini," mama akasema, akamrudishia binti yake simu.