Mbwa aliyemng'ata mtoto wa watu waliofukuzwa Kolwezi, na kwa nini tulikataa auawe

Wakuu, wa kupewa shikamoo nawapa, wengine habari za leo.

Juzi kulikuwa na uzi humu wa jamaa aliyeng'atwa na mbwa wa jirani. Nilisoma comments zote. Zaidi ya nusu zilisema neno moja: muue huyo mbwa. Mmoja akaweka hadi picha ya panga.

Nikazima simu nikaenda kufua, maana hasira zangu nazijua mwenyewe.

Sasa nimetulia. Nataka niwaeleze kwa nini mbwa aliyeuma mtu ndiye wa kulindwa kuliko mbwa wote mtaani. Hii sio chai. Nilikuwepo, na chakula cha huyo mbwa nilikuwa napika mimi.

Kwa wasionijua: nauza vitenge Tunduma, lakini nimezaliwa na kukulia Kolwezi, kule Katanga, Congo, kwenye shaba. Ndiyo maana kuna watu humu wanacheka Kiswahili changu. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa binti bado, nafanya kazi kwenye kliniki ndogo ya wanyama Dilala. Dilala ni mitaa ya palepale Kolwezi, ya nyumba za kampuni ya migodi, zimejengwa kwa mistari, kila nyumba na ua wake. Wakati mgodi unalipa vizuri watu walifuga kila kitu: mbwa, mbuzi, kuku, nguruwe. Wake za wakubwa walileta hadi paka waje kukatwa kucha. Tuliwacheka sana, ila wakiwa wameshaondoka.

Tulikuwa watatu.

Docteur Banza ndiye daktari. Mtu mrefu, mpole, hakubali kumgusa mnyama bila koti jeupe, hata lilipokuwa limechakaa limebaki kola na vifungo tu.

Tata Kalenga, tata kwetu ni baba, alikuwa msaidizi wake. Mzee wa kununa. Aliwanunia wateja, aliinunia mvua, alininunia mimi kila asubuhi. Lakini mpe mbuzi mwenye homa, utamsikia anavyombembeleza, utadhani anaongea na mjukuu.

Wa tatu mimi. Kufagia, kushika wanyama wakati wa sindano, na kupika.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi ukadorora, maduka yakaporwa, pesa ikawa karatasi, mshahara ukaacha kuja. Kabati la dawa likabaki na chupa tupu, na Tata Kalenga akaendelea kuzifuta vumbi kila Jumatatu. Hakuna aliyeacha kazi. Mkiniuliza kwa nini, sijui. Wanyama hawakuacha kuumwa, nadhani ni hivyo tu.

Baada ya hapo likaja kubwa zaidi.

Pale kwetu kulikuwa na familia nyingi za asili ya Kasai. Babu zao waliletwa kuchimba shaba, wakazaa hapo, wakazikana hapo. Wanasiasa wakasimama kwenye mikutano wakasema shida zote zimeletwa na hawa. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu wakatolewa, wakaambiwa warudi kwao, na hiyo "kwao" wengi hawajawahi hata kuiona. Wakaenda kukaa gare, yaani stesheni, kungoja treni. Wengine walikaa pale majuma na majuma.

Mimi ni Mluba wa Katanga kaskazini. Tulihesabiwa wenyeji, nyumba yetu haikuguswa. Nilikuwa naona aibu kila nikifungua mlango wetu kwa ufunguo, na aibu hiyo bado ninayo.

Sasa sikilizeni.

Barabara ya kwenda gare ilipita mbele ya kliniki. Siku hiyo familia moja ilikuwa inapita na vitu vyao kwenye mkokoteni: baba, mama, na binti yao mdogo anaitwa Kapinga. Mbwa wa nyumba ya jirani, dume la manjano jina lake Tigre, akatoka getini mbio akamng'ata mtoto kwenye kigimbi. Damu ikajaa kiatu.

Baba wa mtoto akachomoa chuma kwenye mkokoteni, akamkimbiza mbwa hadi kwenye kona ya ukuta wetu. Mtu amepoteza kazi, nyumba na majirani ndani ya juma moja. Ule mkono ulikuwa hautaki mbwa peke yake.

Docteur Banza akatoka, akasimama katikati ya chuma na mbwa. Akamwambia baba asimuue.

Yule baba hakushusha chuma. Akasema, "Ata imbwa eko na mutu wa kumukinga. Na sisi, docteur, nani anatukinga?"

Imbwa ni mbwa, na kuyua ni kujua, kwa Kiswahili cha kwetu.

Docteur akajibu polepole, "Tata, haiko imbwa njo nakinga. Ni mutoto wako. Ukiua hii imbwa, hatutayua kitu."

Akamweleza palepale barabarani, na mimi ndiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa binadamu, hakuna dawa. Kuna chanjo ya kuwahi kabla, lakini stoo ya hospitali ilikuwa imeshaporwa, hakuna hata kichupa. Kimebaki kipimo kimoja, naye ni mbwa mwenyewe. Mbwa aliye na ugonjwa kwenye mate siku anapouma, ndani ya siku kumi ataumwa na kufa. Siku kumi zikiisha yuko mzima, basi na mtoto ni mzima. Ukimuua leo, umejiachia swali ambalo hakuna wa kulijibu.

Chuma kikashuka. Tata Kalenga akamvisha Tigre kamba, akamwingiza ndani huku anamwita mjinga kwa sauti ya upole kabisa.

Kidonda tulikiosha kwa maji na sabuni, tena na tena, mtoto analia, mama yake anamshika kichwa. Mwenye mbwa alipoambiwa Tigre anabaki kwetu, alifurahi. Midomo ya kulisha ilikuwa imemzidi.

Ila vijana wa mtaa hawakufurahi. Walikuja getini wakasema mbwa aachiwe, amefanya kazi nzuri. Docteur wakamwita msaliti. Yeye akawauliza tu, akiwa na kichaa huyu na mkimfungulia, mnafikiri atachagua kabila? Wakaondoka wanatukana.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi mpya. Asubuhi nampa Tigre bukari, ule ugali wetu, Docteur anamwangalia anavyokula na anavyotembea, halafu mimi naenda gare kwa miguu kumwambia Mama Kapinga.

Mara ya kwanza wanawake walinyamaza wote nilipofika. Binti wa wenyeji anataka nini huku? Nikamkuta Mama Kapinga chini ya turubai, nikasema, "Mama, imbwa anakula." Akafunga macho, akashukuru. Nikarudi zangu.

Baada ya siku chache, wakuu, gare nzima ilikuwa inamjua Tigre. Nikitokea tu mbali, watu nisiowajua wananiuliza, vipi, anakula? Baba Kapinga, yule wa chuma, ananifuata njiani maana hawezi kungoja nifike. Kuna kikundi cha maombi pale kilikuwa kinasali kila jioni, na mama mmoja aliniambia bila kucheka kwamba kwenye sala wanamtaja kwa jina. Bwana, umulinde Tigre.

Fikirieni. Watu waliofukuzwa wanamwombea uzima mbwa wa mtu aliyeangalia wakifukuzwa. Nilicheka njia nzima kurudi, na nilipofika kliniki nikajikuta nalia.

Siku moja mission ilileta supu ya mifupa pale gare. Watu walikula wakaitafuna mifupa hadi ikawa myeupe, halafu wakanipa ile iliyobaki nimpelekee mgonjwa wao. Nikampelekea.

Kesho yake asubuhi Tigre hakula.

Alikuwa amekaa kwenye kona, kichwa chini, mate yanamtoka mdomoni kama kamba. Tata Kalenga alisimama akaangalia, hakununa, na hapo ndipo nilipoogopa. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu zile kumi zitimie.

Docteur alisema kule gare twende pamoja. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba yule mama tutamwambia ukweli, uwe mzuri uwe mbaya, maana mbwa akiugua inabidi atafute chanjo haraka popote atakapoipata.

Tukafika tukakuta treni imekuja. Watu wanapandia hadi madirishani. Mtoto na baba walikuwa wameshaingia, Mama Kapinga yuko chini na sufuria mkononi. Akaniona.

"Anakula?"

Nikamwambia hapana, mama, leo hajala, na mate yanamtoka.

Hakulia. Aliangalia dirisha lenye mtoto, akaniangalia, akasema, "Sasa niende ao nibakie?"

Docteur akamwambia aende. Hapa hakuna chanjo na hakuna usalama, huko mbele kuna hospitali za mission. Habari yoyote ya mbwa atampelekea.

"Utanipata namna gani, docteur, mu ile treni?"

"Bado siyui, mama," Docteur akasema. "Lakini nitakupata."

Akapanda, treni ikaondoka na lile neno letu baya ndani yake.

Tulirudi kliniki. Kufika, Docteur akakaa mbele ya Tigre kwa muda mrefu. Akaona kitu. Mbwa alikuwa anajikuna mdomo kwa mguu wa mbele, na akiona maji anajaribu kunywa anashindwa. Inaweza kuwa kichaa. Inaweza pia kuwa kuna kitu kimekwama humo.

Ili kujua, lazima mtu atie mkono kwenye mdomo wa mbwa anayetokwa mate. Na chanjo hakuna, hata ya daktari.

Tata Kalenga akamwambia asifanye. Alimwambia ana watoto, tusubiri kesho. Docteur akasema tukisubiri na kumbe ni kichaa, mtoto atakuwa amepoteza siku nyingine.

Akavaa glavu za ngozi za wachomeleaji wa mgodini, zile nene. Tata Kalenga akamkalia Tigre, akamtia kipande cha mti katikati ya meno, anamnong'oneza. Mimi nikashika tochi. Nilikuwa naangalia pembeni hadi Docteur akaniambia kwa upole nimmulikie mbwa, sio ukuta.

Mfupa wa supu. Ulikuwa umekwama juu, kwenye kaakaa, umeziba kutoka jino hadi jino. Upendo wa watu wa gare ulikuwa nusura umuue.

Docteur akauvuta ukatoka. Tigre akanywa bakuli zima la maji, akatuangalia, akala bukari yote. Tulicheka kama wendawazimu. Hata Tata Kalenga alicheka, ingawa baadaye alikataa.

Docteur hakusubiri hata kuvua koti, akaenda gare kwa karani wa simu, Tata Monga. Wakati ule stesheni za reli zilikuwa na simu yao ya kuzungusha mkono, wanaongea stesheni kwa stesheni. Tata Monga akasema simu ni ya mabehewa, haiko ya imbwa. Docteur akamweleza habari ya mtoto. Baadaye kidogo yule karani akashika mkono wa simu, akazungusha.

Neno likapita stesheni hii hadi ile, mpaka likaikuta treni stesheni ya Lubudi. Ilikuwa imekwama inangoja injini nyingine. Ujumbe ulikuwa: mwambieni Mama Kapinga ilikuwa mfupa, imbwa anakula.

Siku zile kumi zilipotimia Docteur alimpima Tigre kuanzia masikio hadi mkia. Mzima. Tukafunga kliniki mchana, kitu ambacho hatukuwahi kufanya, tukaenda gare wote watatu. Treni ilikuwa palepale Lubudi. Tata Monga akapeleka: siku zimetimia, imbwa muzima, mutoto muzima.

Tukadhani imeisha. Tulikuwa tunageuka kuondoka, akatunyooshea kidole tusubiri. Alisikiliza muda mrefu, akashusha simu.

"Iko jibu," akasema. "Ule mama anauliza: na nyinyi, munakula?"

 Mama yuko kwenye behewa, hana nyumba, hajui anakopelekwa, ametolewa na watu wa kwetu. Anatuuliza sisi kama tumekula.

Unga wa mwisho wa kliniki ulikuwa umepikwa asubuhi ile, na aliyeula ni Tigre.

Docteur Banza akamwambia karani ajibu kwamba tunakula, tunakula vizuri. Katika siku zote zile, huo ndio uongo pekee tuliomwambia yule mama.

Sasa somo, halafu niwaache. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali siku hiyohiyo, chanjo siku hizi zipo. Na mbwa msimuue. Mfungeni, mlisheni, mwangalieni. Hasira ya yule baba ilikuwa ya haki kuliko ya yeyote humu, na bado alishusha chuma, kwa sababu alimpenda mtoto wake kuliko alivyomchukia mbwa.

Wenye visa vya mbwa, vya gare au vya ile treni, wekeni hapo chini, nasoma vyote. Na wale wa "muue tu", karibuni pia. Leo nimeshamaliza kufua.