Tumbo Lililovimba Mwaka wa Kukosa Sukari

"Ya nani?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza shangazi Germana mbele ya ndugu wote, kidole kimeelekea tumboni kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mwanaume alikuwa hajawahi hata kunishika mkono. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu, kwetu Mbulumbulu, juu ya Karatu. Sukari ilikuwa imepotea madukani kabisa. Baba akakumbuka mizizi iliyobaki kwenye bustani ya mzungu mmoja aliyehama. Imekaa kama tangawizi, maua yake kama alizeti ndogo. Ukiitafuna, tamu!

Kazi ya kuichemsha ilikuwa yangu. Nachemsha mpaka maji yanakuwa mazito, tunatilia kwenye chai. Makapi laini yanayobaki nilikula mimi, jikoni, peke yangu.

Kutupa chakula mwaka ule? Thubutu!

Sasa sikia balaa lenyewe. Nilikuwa nimeshaposwa na Patrisi wa Karatu mjini. Na kwetu Wairaqw, wazee waliamini binti akibeba mimba nyumbani kwa baba yake ni mkosi. Mvua inakata, ng'ombe wanakufa. Anatolewa nje. Hagusi moto wa wenzake, hanywi chombo kimoja nao.

Sisi tulikuwa Wakatoliki, kila Jumapili kanisani. Lakini mvua ilikuwa imechelewa, na watu walikuwa na hofu.

"Sema, Antonia. Ya nani?"

"Shangazi, mimi si..."

"Si nini? Tumbo linajisema lenyewe!"

Na kweli, papo hapo likanguruma. Watu wakatazamana.

"Mwanangu hatoki hata kwenda mnadani!" mama akalia.

"Kwani mimba zinapatikana mnadani tu?" shangazi akamjibu.

Nikapelekwa kwenye kibanda cha zamani cha mbuzi, mwisho wa shamba la ngano. Ugali, mboga za majani, maji. Chai hakuna. Mama anaiweka sahani mbali, ananitazama, anaondoka.

Siku zikaenda, tumbo likaanza kushuka.

Nilifurahi jamani! Nikamwita mama aone.

Mama hakufurahi. Uso ulimbadilika.

"Antonia. Umekunywa dawa gani?"

"Sijanywa kitu, mama."

"Watasema umeitoa."

Mimba ilikuwa mkosi, lakini hii sasa ilikuwa damu, yaani kuua. Kwa damu, nyumbani sirudi tena.

Shangazi akapata habari. Jumapili baada ya misa wazee wakaitwa, na wakwe pia. Nikasimamishwa uani, mbali na wenzangu. Patrisi hakuinua macho.

Mzee Wilibrodi, mkubwa wa ukoo, akasema, "Binti, mara ya mwisho. Ukinyamaza, unaondoka leo."

Mimi ni mtu wa aibu. Shule niliishia darasa la tano, na hata huko sikunyoosha kidole. Mbele ya watu ulimi unanikauka.

Nikainamisha kichwa.

Shangazi akainuka aseme yake. Akainuka kwa shida, ameshika kiuno. Akavuta kanga aifunge vizuri.

Kanga haikufika.

Nikatazama. Tumbo la shangazi lilikuwa mbele, limekaza kama ngoma. Shangazi, mjane, mwenye wajukuu wakubwa!

"Huyu mtoto ameua..." akaanza.

Tumbo lake likanguruma. Kisha likatoa upepo. Mbele ya wakwe.

Sijui sauti niliitoa wapi.

"Shangazi, tangu niondoke nani anachemsha mizizi?"

"Mimi. Kwani?"

"Na makapi?"

"Nakula. Ulitaka nitupe?"

"Basi shangazi, na hiyo ni ya nani?"

Mzee Wilibrodi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mama alikuja mbio akanikumbatia, miiko yote akaisahau.

Kesho yake tulikwenda zahanati, mimi na shangazi. Sista akatueleza. Utamu wa mizizi ile tumbo la mtu haliwezi kuusaga. Unateremka mzima mpaka utumbo mpana, na huko wapo vijidudu, wengi wao wazuri tu. Wanaupokea, wanauchachusha kama pombe kwenye mtungi. Ile hewa ndiyo inayovimbisha.

"Kidogo kinawalisha vijidudu wako, kinakufaa," alisema. "Makapi ya sufuria nzima, Germana? Hiyo ni fujo."

Jioni ile shangazi alinijia jikoni. Mkononi ana kigae chenye kaa la moto kutoka mekoni kwake.

"Washa," akasema. Hakuongeza neno.

Nikawasha. Tukanywa chai, kikombe kimoja, tukipokezana.

Siku hizi nasikia watu wanasifia sukari za mimea. Tumieni, ila anzeni kidogo kidogo. Na ukiona tumbo la binti wa watu limevimba, kabla hujauliza mimba ni ya nani, muulize amekula nini.